Multimita ya DT-830D: pasi itengenezwe au itupwe?

Pasi nyingi zinazotupwa hazijaungua. Kuna kitu kimoja kidogo kimekatika ndani, na bila kupima huwezi kujua kama ni waya wa plagi au elementi yenyewe (sehemu inayotoa joto). Kwa swali hilo moja, DT-830D, multimita (kifaa cha kupima umeme) ya ngazi ya chini kabisa, inatosha.

Kabla ya kulipa, soma herufi ya mwisho. DT-830B inafanana nayo mno, ila kwa kawaida haina mlio wa kuonyesha kuwa njia ya umeme haijakatika. Chukua yenye D.

Kabla ya kupima, piga hesabu ya ukinzani (jinsi kifaa kinavyozuia umeme, hupimwa kwa omu): zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kifaa. Birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 linatakiwa kusoma omu 26 hivi; pasi ya wati 1200, omu 44. Chomoa kifaa ukutani, zungusha swichi ya multimita hadi 200 upande wa omu, gusanisha ncha zake mbili na uone inasoma ngapi (mara nyingi ni chini ya omu 1, hiyo utaitoa kwenye jibu). Washa swichi ya kifaa, kisha gusa pini mbili za plagi, si ile ya ethi. Birika likisoma 26 au 27, njia yote ni nzima, na wa kushukiwa kwanza ni soketi ya ukutani. Ikitokea 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, njia imekatika mahali fulani au ukinzani umezidi kipimo. Hapo fungua, pima kipande kimoja kimoja: waya, swichi, fyuzi ya joto (hukata umeme joto likizidi), elementi.

Mlio wenyewe unapotosha wengi. Hulia hata kwenye makumi ya omu, kwa hiyo elementi nzima ya birika inaweza kuufanya ulie, mtu akadhani kuna shoti. Utumie kwa waya na fyuzi tu; elementi isome kwa tarakimu.

Kwenye pasi ndipo kifaa hiki kinapolipa. Elementi imezikwa ndani ya bamba la chini, haibadilishwi. Ikisoma 1, tupa pasi bila majuto. Ila mara nyingi elementi ni nzima na kilichokatika ni fyuzi ya joto, kile kijimrija chembamba kilichovikwa soksi ya kuzuia joto. Weka nyingine yenye nyuzi joto na ampea zilezile. Iunge kwa kuibana na kiunganishi cha chuma, kamwe si kwa solda: joto la kuchomelea linaweza kuikata hapohapo, na solda ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, joto ambalo pasi hulipita. Halafu jiulize kwa nini ilikatika. Zungusha kitufe cha thamostati (kidhibiti joto) hadi sifuri huku ukiipima: mlio usipokatika, midomo yake imegandana, na fyuzi mpya itafuata ile ya zamani. Kuunganisha waya moja kwa moja ili kuiruka fyuzi ni kutafuta moto.

Kwa feni, DT-830D haina msaada mkubwa kwa sababu haipimi kapasita (kijikopo kinachohifadhi umeme na kusaidia mota kuanza). Feni ikinguruma bila kuzunguka, chomoa, zungusha panga kwa mkono. Likiwa zito, bushi (pete zinazoshikilia mhimili) zimekauka: safisha, weka oili nyepesi. Likizunguka kwa wepesi, badilisha kapasita kwa nyingine ya maikrofaradi zilezile, na volti zisipungue za ya zamani.

Udhaifu wake mkubwa ni huu: inapima omu kwa volti chache za betri. Uvujaji unaojitokeza kwenye volti 230 unaweza usionekane kabisa. Birika linalorusha umeme mwilini au kuangusha swichi ya ulinzi lisihesabiwe salama kwa ushahidi wa multimita hii; kipimo chake ni mega (kipima uvujaji wa umeme) ya volti 500, na kama huna, badilisha birika. Maikrowevu usiifungue kabisa, kwani kapasita yake hubaki na umeme wa kuua hata ikichomolewa.

Matundu ya multimita nayo yaangaliwe. La 10A kwa kawaida halina fyuzi. Ukiacha waya mwekundu humo kisha ukapima volti za soketi, umetengeneza shoti mkononi mwako. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, badilisha ile ya volti 9 kabla ya kuamini tarakimu yoyote. Nyaya zake ni nyembamba na hukatikia shingoni, kwa hiyo ukipata 1 kila unapogusa, gusanisha ncha zenyewe kwanza kabla ya kulaumu pasi.