Koti la mtumba la Mwanga, Kigoma, baada ya msimu mzima wa theluji

Agosti mwaka jana nilikuwa najiandaa kwenda kusoma Syracuse, jimbo la New York, na kila mtu nyumbani Ujiji alinishauri kwa baridi anayoijua yeye. Shangazi, ambaye baridi yake ni ya Kasulu, alinipa sweta na kitenge cha kujifunika. Mjomba ndiye aliyenipeleka soko la Mwanga, kwa mama mmoja muuza makoti ya mtumba ambaye wateja wake wakubwa ni vijana wa bodaboda. Koti alilonichagulia nimelivaa tangu Oktoba hadi Aprili.

Mama yule hana haraka ya hela. Nililipenda koti jekundu, likanikaa vizuri juu ya blauzi, nikatoa pesa. Hakuzipokea. "Mwanangu, huko utalivaa juu ya nini?" Akanivisha masweta mawili, saa saba mchana, jasho linanitiririka, ndipo nikajaribu tena. Zipu haikufika hata kifuani. Akaniletea jeusi, kubwa zaidi, akaniambia niinue mikono juu, kisha niiname. Halafu akalikamata upande mmoja kwa ngumi, akaliminya mpaka likawa dogo kama andazi, akaachia. Likavimba lenyewe taratibu. "Lililokufa lingebaki limelala," akasema. Ndani ya mikono yake kuna vikono vingine vifupi vya kufuma vinavyobana kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja. Nilidhani ni pambo.

Tulianzia 60,000, nikalipa 45,000. Zipu ilikuwa inakwama, fundi cherehani wa jirani akaniwekea nyingine ya meno makubwa kwa 4,000. Hiyo unaifunga hata ukiwa umevaa glavu.

Syracuse hupata wastani wa zaidi ya mita 3 za theluji kwa mwaka, na chanzo chake ni ziwa. Mimi niliyekulia kando ya Tanganyika nililielewa hilo upesi: upepo wa baridi kali unapita juu ya Ziwa Ontario, ambalo maji yake bado yana joto kuliko huo upepo, unazoa mvuke, na ukifika nchi kavu unaumwaga ukiwa theluji. Ziwa lile haligandi lote, ndiyo maana theluji haikomi mapema. Oktoba nilikuwa nikiokota majani mekundu njiani. Mwishoni mwa Novemba niliamka asubuhi moja nikakuta kimya, hata magari hayasikiki. Nilipofungua mlango, theluji ilikuwa imefika magotini.

Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, nami nilikuwa natembea dakika 20 gizani kutoka maktaba. Usiku mmoja ilifika nyuzi 15 chini ya sifuri. Pua iliuma, machozi yakaganda kwenye kope. Lakini kifua kilikuwa na joto, na upepo ulipotafuta pa kuingilia kwenye mikono, vile vikono vya kufuma viliuzuia. Nilimkumbuka yule mama, nikamwombea dua nikiwa natembea.

Ninalojutia ni buti, nilizonunua banda jingine kwa 30,000. Ngozi ilikuwa nzuri, ila soli ilimeguka njiani kama keki kavu, maana soli za aina ile huoza zikikaa miaka mingi hata bila kuvaliwa. Soksi zikalowa maji ya theluji yaliyochanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani. Buti nunueni hukohuko, mpya.

Juzi, baada ya kurudi nyumbani, nilikwenda kumwamkia yule mama wa makoti. Kitu cha kwanza aliuliza habari za zipu. Nikamwonyesha picha za mlango wangu, akazitazama sana, akauliza kama theluji ni ngumu kama barafu ya kuhifadhia samaki. Nikamwambia ikishuka ni laini kama unga wa muhogo, ikikanyagwa ndiyo inakuwa ngumu.

Amefungua belo jipya. Makoti yanayofika magotini ni manne tu, na vijana wa bodaboda hawayataki kwa sababu yanawasumbua wakipanda pikipiki, kwa hiyo bei yake inaongeleka. Moja ameniwekea kwa ajili ya binti wa jirani yetu anayeondoka mwezi ujao, mpaka Ijumaa. Tutakwenda naye na masweta yake mkononi.