NVDA kwa anayefanya kazi kwa Kiswahili: uzoefu wangu

Kwa mtu asiyeona anayetumia Windows, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) cha kuanzia ni NVDA. Ni cha bure. Walioanza kukitengeneza mwaka 2006, Michael Curran na James Teh wa Australia, wenyewe hawaoni, na hilo linajulikana tangu usakinishaji: ukifungua faili tu, linaanza kuongea, kwa hiyo huhitaji kumwita mtu akusomee skrini.

Kwenye dirisha la makaribisho, weka alama pale panapouliza kama CapsLock itumike kama kitufe cha NVDA, yaani kile kinachoshikwa pamoja na vingine kutoa amri. Kwenye kompyuta mpakato nyingi Insert haipatikani bila kushika Fn, na vidole huchoka.

Kwenye Kiswahili ndipo wengi hukata tamaa mapema, na si haki, maana tatizo linatibika. Sauti ya Kiingereza ikisoma "wanaendelea" haieleweki kabisa. Bonyeza NVDA+Ctrl+S uchague eSpeak NG, programu inayotengeneza sauti, kisha NVDA+Ctrl+V utafute Kiswahili katika orodha ya sauti. Ni sauti kavu, ya kimashine, lakini hata ukiiongezea kasi sana silabi hazimezwi. Kwa kusoma kutwa nzima naichagua hiyo kuliko sauti laini.

Ukiwa hapo hapo, ondoa alama ya kubadili lugha kiotomatiki. NVDA hufuata lugha iliyotangazwa ndani ya ukurasa, na tovuti nyingi za Kiswahili hujengwa juu ya violezo vilivyotangazwa kuwa vya Kiingereza. Matokeo yake, sauti hugeuka na habari nzima inaharibika. Ukiizima, Kiingereza nacho kitasomwa kwa matamshi ya Kiswahili. Dawa ni kuunda wasifu wa pili (seti nyingine ya mipangilio) kwa Ctrl+NVDA+P, ukauwekea sauti ya Kiingereza na mkato wake wa vitufe. Hifadhi mipangilio kwa NVDA+Ctrl+C.

Vifupisho kama "n.k." na "k.m." viingize kwenye kamusi ya matamshi (NVDA+N, kisha mapendeleo). Tumia kamusi ya sauti husika, si ile ya jumla, ili maandishi ya Kiingereza yasiguswe.

Kwenye kivinjari, herufi moja hukurusha: H kichwa cha habari, K kiungo, F sehemu ya kujaza, T jedwali. NVDA+F7 huleta orodha ya viungo na vichwa vyote. Hapa ndipo wanaoanza hukwama: wanaandika jina kwenye fomu, na badala ya herufi kuingia, kishale kinarukaruka ukurasani. NVDA bado iko katika hali ya kuvinjari. Bonyeza NVDA+Space, usikie mlio ukibadilika, kisha andika. Kwa kawaida hubadilika yenyewe ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, ila fomu zilizoundwa ovyo huizuia.

PDF iliyoskaniwa ni picha tupu, hivyo NVDA hukaa kimya. NVDA+R huomba Windows itambue maandishi. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo hata utambuzi wa Kiingereza hupata maneno mengi vizuri. Ila husoma kilichoonekana kwenye skrini wakati huo tu: kuza ukurasa, nenda mmoja mmoja, na zima kwanza pazia la skrini (kipengele cha NVDA kinachofanya skrini iwe nyeusi), la sivyo hakuna cha kutambua.

Nakala ya kubeba kwenye flashi inafaa sana kwa kompyuta ya watu, lakini haisomi skrini ya kuingia wala lile dirisha la Windows la kuomba ruhusa ya msimamizi. Likitokea, kimya kinatanda na mtumiaji hudhani mashine imeganda. Kwenye kompyuta yako mwenyewe, sakinisha kikamilifu.