Uzoefu wangu: nimeenda kuliona jengo la maabara za Richards, Philadelphia

Mi ni fundi sanifu maabara. Maabara niliyoanzia kazi bomba la kutolea moshi lilitokezwa chini ya dirisha letu wenyewe, ukichemsha asidi harufu inatoka, inazunguka, inarudi ndani, na wewe uko palepale unakohoa. Ndo maana nilivyofika Philadelphia kwa dada nikamwambia kabla ya yote nipeleke Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Ndani hatukuingia, watu wako kazini, ila kuzunguka nje ni bure na inatosha kabisa. Aliyelichora ni Louis Kahn, alisoma hapohapo akaja kufundisha hapohapo, kazi alipewa 1957. Alichofanya, vyumba vya watu akaviweka kivyake, halafu ngazi na mabomba ya hewa akavijengea minara yake ya matofali, mirefu kupita maabara zenyewe. Hewa safi inavutwa huku chini kwenye mnara wa nyuma, chafu inapanda inatokea juu kabisa, hazikutani! Nikawa namuonyesha dada kwa kidole, inaingia hapa inatokea kule, nusura nilie jamani, yaani kuna mtu alikaa chini akakifikiria kifua cha mtu kama mimi.

Halafu simama pale barazani pa kuingilia uinue kichwa. Utaona boriti za zege zilivyopishana na kushikana kama kazi ya seremala, zilimwagwa kiwandani zikaletwa na malori zikapandishwa na kreni, hesabu zake alipiga injinia August Komendant. Kila ghorofa ni mraba wa kama mita 14, nguzo ziko pembezoni tu, mbili kila upande, na kwenye kona hamna nguzo, ni kioo kitupu, na boriti inavyokaribia kona inazidi kuwa nyembamba kwa hiyo kioo nacho kinarefuka.

Kioo hicho ndo kimenifanya nitoe nyota nne badala ya tano. Jua liliwachoma wanasayansi mpaka wakabandika foili madirishani, na 1961 jumba la sanaa la MoMA kule New York likafanya maonyesho ya jengo hili peke yake, huku wenye darubini wanahangaika na mwanga. Hapo aliwasahau. Ila Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, alikuja kuliona na mwishowe akampa Kahn kazi ya kumjengea taasisi yake California, na mimi nauli ya kwenda kuiona hiyo nimeshaanza kuiweka.