Nyanya zikipigwa na jua: usinunue busta kabla hujageuza chupa

Oktoba iliyopita nyanya zangu aina ya Tanya pale Mlali zilikuwa ndiyo kwanza zinachanua, kisima kimeshuka, jua la Morogoro linachoma. Nikaenda duka la pembejeo, nikaeleza kwamba shida yangu ni ukame. Nikapewa busta ya nusu lita kwa shilingi 18,000, eti inasaidia mimea kuvumilia. Nikapuliza jioni mbili. Siku ya nane nyanya zilikuwa zimerefuka kweli, ila shina laini, pingili ndefu, majani yamepauka. Ua nikiligusa kwa kidole, linadondoka na kikonyo chake. Ndipo niliposoma maandishi madogo ya nyuma: GA3.

GA3 ni homoni ya kurefusha. Wakulima wa zabibu zisizo na mbegu huitumia ili punje zinenepe, na kwao ni halali yake. Lakini mmea wenye kiu unatakiwa utulie. Ukiusukuma urefuke, unauongezea majani ya kupoteza maji ambayo mizizi haiyapati. Maduka yanaweka vyote kwenye rafu moja, cha kukuza na cha kuhimili, vyote vinaitwa busta. Hilo linaniudhi sana. Chupa isiyosema ndani kuna nini na kwa kiasi gani, irudishe rafuni hata kama ni ya bei ya kutupa.

Kwa nyanya zenye kiu, namba moja kwangu ni mbolea ya YaraLiva Nitrabor, na siyumbi. Ina naitrojeni asilimia 15.4, kalsiamu ya kutosha, na boroni asilimia 0.3. Nyanya ikikosa kalsiamu inaoza kitako. Boroni inasaidia maua kushika. Ila kalsiamu hupanda pamoja na maji kutoka mizizini, kwa hiyo ukiimwaga kwenye udongo mkavu umetupa hela. Weka kidogo, mwagilia, rudia. Na usiikoroge pamoja na mbolea yenye salfeti au fosfeti: inaganda na kuziba nozeli.

Ya pili ni potasiamu naitreti, ile iliyoandikwa 13-0-46 mfukoni, yaani namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Vitundu vya majani hufunguka na kufunga kwa nguvu ya potasiamu, na hapo ndipo mmea unapobana maji yake. Puliza jioni, mchana inaunguza majani.

Ya tatu ni Kelpak, inayotengenezwa kwa mwani wa Afrika Kusini uitwao Ecklonia maxima. Ina oksini (homoni ya mizizi) nyingi kuliko saitokinini (homoni ya machipukizi), ndiyo maana inachochea mizizi. Itumie tangu kupandikiza. Ukisubiri majani yanyauke umechelewa.

Majivu yana potasiamu, lakini yanapunguza asidi ya udongo, basi yawe machache.

Sasa hili la kupimiwa. Sisi wa robo eka tunauziwa Nitrabor kwa kilo kutoka mfuko uliokaa wazi wiki nzima, na kilo yetu ni ghali kuliko ya anayebeba mfuko. Mbolea hii inanyonya unyevu wa hewa. Mwezi wa nne nilipewa uji kwenye rambo, nikalipia na maji yake. Siku hizi mimi na jirani zangu wawili tunachanga mfuko uliofungwa, tunagawana siku hiyohiyo, kila mmoja anafunga fungu lake kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.