Kula Shaker wamerudi vizuri, lakini muuza santuri yule ameniharibia: uzoefu wangu na Natural Magick

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Albamu hii ya bendi ya roki ya Kula Shaker niliingoja kwa hamu tangu niliposikia kwamba Jay Darlington, mpigaji wao wa zamani, amerudi kwenye kinanda. Siku ya kwenda kuinunua nilitarajia iwe siku ya raha. Nilitoka dukani mikono inanitetemeka.

Ilikuwa hivi. Niliingia duka moja la santuri hapa Leicester, Uingereza, nimejifunga mtandio, buibui langu mwilini, mkoba begani. Kijana wa kaunta akanitazama juu hadi chini. Nikamwambia nataka Kula Shaker, ile mpya. Hakuinuka. Akanionyesha kwa kidole huko nyuma: rege kule, muziki wa Kiafrika chini kabisa karibu na ngazi. Nikamtajia jina tena, polepole. Akaniuliza kama najua kwamba hiyo ni bendi ya roki. Nikamjibu kwamba naijua tangu 1996, albamu yao ya kwanza ilipokwenda moja kwa moja namba moja Uingereza, pengine yeye hajazaliwa. Hapo ndipo akainuka.

Pale dukani pana mashine ya wateja kusikilizia. Nikamwomba aniwekee Chura Liya, wimbo wa Kihindi uliomo kwenye albamu hii. Akaweka, uso umemkunjamana. Sauti ikaanza kupanda, nami nimefumba macho, na kabla wimbo haujakolea akapitisha kidole chake chini ya mkono wa mashine akaunyofoa. Anayejua santuri anaijua sauti ile ya sindano kuparuza. Akasema huo ni wimbo wa kujazia tu, wa Kihindi, haunisaidii kuijua bendi. Kisha akaniuliza, wateja wengine wanasikia, mimi Kihindi nimekijulia wapi.

Nimekijulia wapi! Mimi ni mtu wa Mombasa. Wimbo ule ulitungwa na R. D. Burman kwa ajili ya picha ya sinema ya Yaadon Ki Baaraat ya mwaka 1973, mashairi ya Majrooh Sultanpuri, ukaimbwa na Asha Bhosle na Mohammed Rafi, na picha zenyewe zilikuja kwetu zikarudiwa na kurudiwa miaka baada ya miaka. Mama yangu na shoga zake walikuwa wakienda maonyesho ya wanawake peke yao, wakirudi wanaimba njia nzima. Wimbo unaanza na mlio wa glasi, ting, ting, kisha gitaa, kisha Asha anaingia kwa ile sauti kana kwamba anakunong'oneza wewe peke yako. Mama akikoroga chai alikuwa akigonga ukingo wa glasi kwa kijiko, mara mbili, akatutazama, nasi watoto tukaupokea wimbo. Maneno tulikuwa hatuyaelewi yote na hatukuona tatizo. Sasa mtu mzima na akili zake ananiuliza nimekijulia wapi.

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshalipa. Nilipoona kona ya jalada imepinda nikaomba nakala nyingine, akasema santuri ndani ni ileile. Nikaichukua, nikaondoka. Mpaka leo nikiutazama ule mkunjo kwenye jalada roho inanichoma.

Kwa hiyo nyumbani niliisikiliza nikiwa na kisirani, na nilitaka kuichukia. Nawaambia ukweli, siku za mwanzo niliichukia. Gaslighting, unaofungua albamu, niliona kelele tupu. Waves nikaona ni mashairi ya watu walioshiba. Na ule wa kutotaka kulipa kodi, Idontwannapaymytaxes, niliufungia njiani. Kama ningeandika wiki ile ningewaambia msiinunue, basi.

Lakini haki ya mtu ni haki yake, na bendi haikunitukana.

Kwa wasiowajua: hawa ni Waingereza, na jina lenyewe wamelichukua kwa Kulashekhara, mfalme mtakatifu wa India ya kusini. Kiongozi wao Crispian Mills, mtoto wa mwigizaji Hayley Mills, alikwenda India ujanani miaka ya mwanzo ya tisini akarudi na kitu ambacho hakijamtoka hadi leo. Wakati vijana wenzao wa Uingereza wanaimba habari za baa na mvua, hawa walitoa Govinda, wimbo wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, mwanzo hadi mwisho, ukaingia kumi bora za Uingereza mwaka huohuo wa 1996. Mimi ni Mwislamu, Govinda siuimbi kama dua. Lakini sisi watoto wa pwani tumekulia mbele ya picha ambazo kila baada ya nusu saa mtu anapiga kengele ya hekalu, na hakuna aliyetoka amebadilika dini. Tulikuwa tunatafuta sauti.

Baadaye mambo yakawaharibikia. Magazeti ya muziki yakamgeuza Mills kuwa kichekesho, albamu ya pili ikaja mwaka 1999, na mwaka huohuo wakavunjika. Walipoungana tena miaka ya 2000 walirudi bila Darlington, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwapigia bendi ya Oasis kinanda jukwaani. Wakatoa albamu kadhaa, ya 2022 ikiwemo, na zipo nzuri ndani yake. Ila kila nikisikiliza nilikuwa nasikia pengo. Natural Magick ya Februari 2024 ndiyo ya kwanza, tangu ile ya 1999, yenye wote wanne wa asili: Mills, Alonza Bevan kwenye besi, Paul Winter-Hart kwenye ngoma, na Darlington.

Na pengo limezibwa. Hili silitilii shaka hata nikiwa na hasira. Kinanda cha Darlington hakipambi nyimbo, kinazisukuma. Kinaingia kwa sauti nzito yenye mtetemo, kinabanana na gitaa, halafu kinakaa chini ya sauti ya Mills na kuanza kuunguruma. Ule wimbo wa kwanza nilioita kelele, siku moja niliusikia nikiwa jikoni, hasira imelala kidogo, nikajikuta nimeacha kisu juu ya kitunguu nasikiliza mikono miwili ya mtu mmoja ikigombana. Roki ya namna hii, ya saikedeliki, yenye sauti za kuzungusha kichwa kama ndotoni, ikikosa kinanda cha kweli inabaki watu wazima wanaokumbuka ujana wao. Hapa sikusikia wazee wanaokumbuka. Nilisikia watu wana haraka.

Halafu Indian Record Player. Huu umejaa furaha ya mtu aliyekaa mbele ya mashine yake akizungusha santuri za Kihindi. Huwezi kuutunga kama hujawahi kuzipenda santuri hizo kwa dhati. Unaponifurahisha zaidi ndipo ninapomkumbuka yule kijana, kwa sababu wimbo huu unasema waziwazi kile alichonikatalia: kwamba sauti ya Bombay ni ya yeyote aliyeipokea. Mashine yenyewe ya kuchezea santuri imo ndani ya jina la wimbo, naye anauza santuri, na hakuona!

Kisha ndiyo Chura Liya. Wamemwita Laboni Barua aimbe, na hapo walitumia busara. Mills angeweza kuung'ang'ania peke yake. Dada huyu hamwigi Asha Bhosle. Anayejaribu kumwiga Asha anaaibika tu. Ameimba kwa namna yake, bendi ikamfuata kwa uzito wake wa roki, na wimbo ukasimama. Kwangu mimi ni wimbo bora wa albamu nzima. Natamani tu ungekuwa mrefu zaidi. Labda nauona mfupi kwa sababu mara ya kwanza nilikatiziwa, sijui, lakini kila ukifika pale aliponyofoa sindano mabega yangu yanakaza yenyewe.

Najua watu watasema Waingereza hawa wanaivaa India kama kanzu ya Idi, siku ikipita wanairudisha kabatini. Mills amekuwa akiambiwa hivyo tangu zamani. Mimi nasema mtu anayevaa kwa siku moja haendelei kuvaa karibu miaka thelathini, huku akichekwa. Na sisi pwani tuwe wa mwisho kulaumu. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki Mombasa mwaka 2014, aliijenga heshima yake kwa kuchukua mahadhi ya Kihindi na kuyatilia Kiswahili safi, na tabla na kinanda chake vikalia kwenye harusi zetu mpaka alfajiri. Kuna aliyemwambia hayo si yake? Wapo waliosema, lakini harusi hazikumwacha. Hata hivyo Bhalo alifanya jambo moja ambalo Kula Shaker hawajalifanya hapa: aliuchukua wimbo akaupa maana mpya, ya mapenzi ya kwetu, ya mafumbo ya kwetu, hata msikilizaji akasahau ulikotoka. Kula Shaker wameuheshimu Chura Liya, wameubusu mkono, lakini hawakuuoa. Hilo naliona upungufu. Siku nyingine naliona adabu. Inategemea nimeamkaje.

Siku chache baada ya tukio lile nilikwenda barabara ya Belgrave kununua bizari. Kuna mzee wa Kigujarati pale, mzaliwa wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakaja kujaza mji huu. Tukionana ni Kiswahili tu. Nikamwamkia, akaniuliza, "Binti, mbona leo umenuna?" Nikamhadithia yote. Aliposikia jina la wimbo akaweka mizani chini, akaanza kuuimba taratibu, mteja mwingine anasubiri na sarafu mkononi. Alipomaliza ubeti akaniambia nimlete huyo kijana dukani kwake, atamfundisha. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu njiani nikakasirika upya, tena zaidi, kwa sababu nilifikiri: mzee huyu naye akiingia duka lile na koti lake la sufu, ataonyeshwa rafu gani?

Turudi kwenye albamu. Nusu ya pili inalegea, na siwezi kuificha kwa sababu nawapenda. Nyimbo ni kumi na tatu, na mbili tatu zingeweza kubaki studio. Nikifika sehemu za katikati masikio yananichoka, Mills anahubiri kuliko anavyoimba, na India yenyewe inajificha nyuma ya gitaa ambazo tumeshazisikia kwa wengine. Anayeitafuta sitari na tabla kila wimbo atavunjika moyo: hii ni albamu ya roki iliyopitiwa na upepo wa kule. Yenye India ya kuzama ndani ni ile ya kwanza, na hakuna kilichoipita. Nilitaka kuipa hii nyota tano kwa ajili ya Darlington na Laboni Barua. Nikaishusha hadi tatu kwa ule ulegevu. Usiku nimeusikiliza tena wimbo wa Kihindi taa zimezimwa, nimeiweka nne, na hapo naiacha kabla sijabadilika tena.

Kama unaitaka, inunue, lakini inunue kwa bendi yenyewe au kwa muuzaji ambaye hatakupima kwa mavazi. Usianze na wimbo wa kwanza kama wanavyokushauri wengine. Anza na Indian Record Player, pandisha sauti, kisha iache iende mpaka Chura Liya uishe wote, mpaka mlio wa mwisho. Baada ya hapo rudi mwanzo, Gaslighting utauelewa.

Duka lile nimewaandikia, nikawaeleza siku, saa na maneno yaliyosemwa. Hawajajibu. Pesa yangu hawataiona tena, na kila Mswahili ninayemjua mji huu nimemwambia apite upande wa pili wa barabara.