Nilipatia mwelekeo wa S&P 500 na bado pesa ikapungua: uzoefu wangu na CFD, fyucha na ETF

Kwa miaka minne sasa nafanya biashara ya S&P 500, na nimepitia njia tatu: CFD, fyucha ndogo za soko la CME na mifuko ya ETF. Swali ninaloulizwa kila mara ni "inapanda au inashuka?" Pesa zangu nyingi za mwanzo hazikupotea kwa kukosea jibu la swali hilo. Zilipotea kwa sababu ya chombo nilichotumia, ndiyo maana nimeona niandike hivi vyombo vyenyewe vikoje ukiwa ndani.

Tuelewane kwanza: S&P 500 ni fahirisi, na fahirisi yenyewe hainunuliki. Ni hesabu tu. Huchukuliwa kampuni kubwa 500 za Marekani, kila moja ikapewa uzito kwa thamani ya hisa zake zilizo mikononi mwa umma, na yote yakatoa namba moja. Mtindo huu wa kampuni 500 ulianza Machi 1957. Anayekwambia amenunua S&P amenunua kitu kingine kinachoifuata namba hiyo, na kila kitu cha namna hiyo kina gharama yake.

Mimi nilianza na CFD, kama wengi. Akaunti ilifunguka haraka, programu ya simu ilikuwa nyepesi, na nilipewa levereji ya 1:200, yaani kila dola yangu iliweza kushika nafasi ya dola 200. Urahisi huo nausifu kwa dhati, maana usingekuwepo labda nisingeanza kabisa. CFD ni mkataba kati yako na dalali: mnalipana tofauti ya bei ya kufungua na ya kufunga. Hakuna hisa unayomiliki, na mara nyingi anayekaa upande wa pili wa tredi yako ni dalali huyohuyo.

Tredi iliyonifumbua macho ilikuwa hivi. Fahirisi ilikuwa karibu na 5,000. Nilinunua kwa dola 5 kila pointi, yaani nafasi yenye thamani ya dola 25,000. Marjini, yaani dhamana iliyoshikwa na dalali, ilikuwa dola 125 tu, na akaunti yangu ilikuwa na dola 1,000. Niliamini soko litapanda, na kweli lilipanda. Nikashikilia wiki saba, nikafunga pointi 32 juu. Hiyo ni faida ya dola 160. Pia niliongezewa dola 38 za gawio, kwa kuwa CFD ya fahirisi humlipa mnunuzi sehemu ya gawio la kampuni zilizomo. Jumla dola 198. Kisha nikafungua taarifa ya akaunti na kusoma safu ya swapu, yaani riba ya kulala na nafasi wazi: dola 4.93 kila usiku, Ijumaa mara tatu kufidia wikendi, usiku 49. Dola 241.57. Nilikuwa sahihi kwa wiki saba mfululizo na nikatoka na hasara ya zaidi ya dola 43.

Nilirudia hesabu mara tatu kabla ya kukubali. Riba ilikuwa takriban 7.2% kwa mwaka, lakini haikutozwa kwenye dola 125 zangu. Ilitozwa kwenye dola 25,000 zote. Hapo ndipo levereji inapokula, hata siku ambayo bei haijasogea.

Pigo la pili lilikuwa siku ya takwimu za mfumuko wa bei za Marekani, ambazo hutoka saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York, saa nzima kabla ya soko la hisa kufunguliwa. Nilikuwa na stopu, agizo la kufunga tredi bei ikishuka hadi kiwango nilichoweka, mahali pake. Spredi, tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo kwa kawaida ilikuwa nusu pointi, ilitanuka ghafla, na stopu yangu ikajazwa pointi sita chini ya nilipoiweka. Nilipouliza, nikaelekezwa kwenye kifungu cha mkataba kinachosema stopu haina uhakika wa bei. Kifungu kilikuwepo kweli. Nilikuwa sijakisoma.

Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2018: levereji isiyozidi 20:1 kwa fahirisi kubwa, ulinzi ili mteja asidaiwe zaidi ya salio lake, na tangazo la lazima la asilimia ya wateja wanaopoteza. Wasimamizi wa nchi mbalimbali za huko walikuwa wamekuta kati ya 74% na 89% ya akaunti za wateja wa kawaida zinapoteza. Marekani kwenyewe, nyumbani kwa S&P, mteja wa kawaida haruhusiwi kabisa CFD. Kama dalali wako anakupa 1:200 au zaidi, jua uko nje ya ulinzi huo.

Nikahamia fyucha, yaani mikataba ya kununua au kuuza tarehe ya mbele kwa bei inayokubaliwa sasa. CME ya Chicago ilianzisha E-mini S&P 500 mwaka 1997, ambapo pointi moja ni dola 50. Hiyo kwangu ilikuwa kubwa mno. Mei 2019 wakaleta Micro E-mini, alama yake MES: pointi moja ni dola 5, na hatua ndogo kabisa ya bei ni robo pointi, yaani dola 1.25. Ukubwa uleule wa tredi yangu ya CFD, ila sasa natredi kwenye soko la wazi ambako kila mtu anaona bei ileile. Soko linafunguliwa Jumapili saa 12 jioni, saa za New York, na kuendelea hadi Ijumaa saa 11 jioni, likipumzika saa moja kila siku.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba hakuna swapu. Gharama ya pesa imo ndani ya bei: riba zikiwa juu ya gawio, mkataba huuzwa juu kidogo ya fahirisi, na pengo hilo huyeyuka taratibu kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia. Mara ya kwanza nilipoliona nilidhani chati imekosea. Gharama ipo, lakini ni riba ya sokoni, bila nyongeza ya dalali. Mikataba huisha Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, hivyo anayetaka kuendelea lazima ahamie mkataba unaofuata siku chache kabla.

Tahadhari moja kubwa: madalali wengine wa fyucha huruhusu kuingia MES kwa marjini ya chini ya dola 100, mradi ufunge kabla ya soko kufungwa. Hesabu inabaki ileile. Fahirisi ikiwa 5,000, ikishuka 1% ni pointi 50, dola 250. Kwa akaunti ya dola 300, hiyo ni kuunguza akaunti kabla ya chakula cha mchana. Mimi natenga angalau dola 3,000 kwa kila mkataba mmoja.



ETF, mfuko unaoshika hisa za fahirisi na wenyewe kuuzwa sokoni kama hisa, haina msisimko, na kwa mtu anayetaka kushikilia miezi au miaka sioni inayoizidi. Mfuko wa SPY upo tangu 1993 na ada yake ni 0.0945% kwa mwaka. Mfuko mwingine wa fahirisi hiyohiyo, VOO, ni 0.03%. Ada ya mwaka mzima ya VOO kwa dola 25,000 ni dola 7.50, yaani karibu na swapu ya usiku mmoja na nusu kwenye CFD yangu ile. Ni kweli hapa unaweka pesa yako yote, hukopi. Pia asiye mkazi wa Marekani hukatwa 30% ya gawio kama kodi, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho.

Siku hizi akiba yangu iko VOO. Tredi za ndani ya siku nazifanya kwa MES, mkataba mmoja, na siingii sokoni dakika kumi kabla wala baada ya takwimu za saa 2:30. Akaunti ya CFD niliifunga. Kutoa salio lililobaki kulichukua siku tisa na barua pepe nne.