Wodi moja ya wazazi, milango miwili: maoni yangu kuhusu huduma ya kujifungua katika hospitali ya wilaya

Wodi hii nimeijua kwa milango yake yote miwili. Mwaka 2021 nilijifungulia upande wa kulipia kwa kadi ya bima niliyoipata kazini, na mwaka jana nilimsindikiza wifi yangu, mkulima wa mpunga, ambaye alipokelewa upande wa kawaida. Mkunga aliyenizalisha mimi ndiye aliyemzalisha na yeye. Hospitali sitaitaja, kwa sababu sidhani kwamba ninayoyaeleza ni ya hospitali hii peke yake.

Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya Tanzania ya mwaka 2007, mjamzito hatakiwi kulipia huduma katika kituo cha umma, na kweli hakuna aliyetudai ada ya kujifungua. Tulichodaiwa ni vifaa. Wifi alikuwa amepewa orodha kliniki, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kipande cha boksi la dawa: glovu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, wembe, vibana kitovu, beseni na khanga. Alivileta vyote, lakini glovu zilimwishia kabla uchungu haujakolea, nami nikatumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara saa mbili usiku. Kwa mwenye hela mfukoni hiyo ni safari ya dakika tano. Mama wa kitanda cha jirani hakuwa na mtu wa kumtuma wala cha kumpa, kwa hiyo nilinunua boksi zima. Upande wa kulipia sikuwahi hata kujiuliza glovu zinatoka wapi.

Kuhusu wakunga sina lawama. Walikuwa wawili kwa wodi nzima, na bado yule wetu alirudi mara kwa mara kumkanda wifi tumbo na kuinua khanga aangalie damu, kwa kuwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kwa kuua wazazi. Vifo vyote vitokanavyo na uzazi vimepungua nchini kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022, na siamini kwamba jambo hilo lingewezekana bila watu wa aina yake. Hata hivyo, namba hiyo ni ya mwenye bima na asiye nayo wakiwa wamejumlishwa pamoja.

Usafiri nao una sura mbili. Mpango wa m-mama, ambao mjamzito mwenye dharura hupiga 115 bila malipo na kutumiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa iwapo gari halipo, ni huduma ninayoisifu bila kusita. Lakini uchungu wa kawaida si dharura, na bodaboda kutoka kijijini kwao usiku ni ghali na ya hatari, ndiyo maana wifi alihamia kwangu wiki mbili kabla ya siku zake kutimia. Asiye na ndugu mjini hana pa kuhamia.

Kwa ustadi natoa nyota tano. Kwa mazingira ya upande wa kawaida, mbili. Baada ya kujifungua wifi na mzazi mwenziwe walilazwa kitanda kimoja, mzungu wa nne, kila mmoja na kichanga chake kifuani. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi akae kituoni angalau saa 24. Mimi nilikaa siku mbili, kitanda peke yangu. Wifi aliruhusiwa saa sita mchana wa siku iliyofuata, hata saa kumi na mbili hazijatimia tangu ajifungue, na alipoomba angoje jua lipungue, muuguzi hakumjibu kwa ukali. Alimwonyesha tu mama aliyekuwa ameketi sakafuni kwenye khanga, mtoto mapajani, akikingojea kitanda hicho.